Nyumba Iliyokwenda Kujifungua

Vijana wangu, sasa. Mmeniomba niwaandikie kitu cha kuwatia moyo kabla hamjaanza kazi ya huu mji wa kidijitali. Moyo jitieni wenyewe. Mimi nitawaambia habari ya misumari.

Msicheke. Najua mmepewa tableti, na jaketi zenye maandishi mgongoni, na zile kamba za shingoni za kuning'inizia kitambulisho. Mimi nilipoingia kazini nilipewa kofia na barua za kupeleka, nikawa mesenja, na nilipostaafu juzi nilikuwa nimeshika nyundo. Kati ya kofia na nyundo ndipo yalipo maisha yangu, na sehemu kubwa niliimaliza nikitafuta nyumba za watu Kibera na Kawangware, ambako njia haina jina, nyumba haina namba, na mtu ana majina kadhaa kulingana na nani anayemuuliza.

Kutafuta mtu kuna ufundi wake. Usiulize jina la kwenye kitambulisho, maana hata bibi yake itabidi afikirie kwanza. Uliza kwa jina la mtoto wake mkubwa, au kwa kazi yake. Na ukiwa na yunifomu, jua utaambiwa amehama. Kibera wataapa amehamia Kawangware. Ukifika Kawangware, pale steji ya matatu iitwayo 56, watakuambia alirudi Kibera jana. Kuna bwana mmoja nilimtafuta hivyo mpaka soli ya kiatu ikaniaga, na kila nikifika 56 nilikuwa naelekezwa na fundi viatu mmoja mpole, mwenye heshima zake. Kumbe ndiye yeye. Nilipomgundua aliniita mama kwa lugha ya mtaani, akasema, "Pole mathe, ulikuwa unatembea kwa bidii nikaona nisikukatize." Barua yenyewe ilikuwa ya kumwambia leseni yake imetoka. Alinishonea kile kiatu bure, na tumepatana mpaka leo.

Kwa hiyo siku nilipoambiwa kwamba kila nyumba itapata kibao cha namba, nilishukuru kwa niaba ya miguu yangu. Nilipangwa kazi pamoja na Injinia Kevo. Msidanganywe na hilo jina, ni injinia kweli, kijana wa Kabiro pale Kawangware, amesoma hadi macho yakaomba miwani. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kila siku, jambo ambalo Kibera ni kutafuta ugomvi na ardhi. Yeye tableti, mimi nyundo.

Alinionyesha kibao. Kilikuwa cha buluu, ukubwa wa slesi ya mkate, namba mbele, na ndani kimefichwa kidude cha kutuma ripoti ofisini.

"Mathe, hiki kinajisemea chenyewe kiko wapi," Kevo alinieleza. "Mtu akiugua anapiga simu, anataja namba ya kibao, ambulensi inaongozwa mpaka pale kibao kilipo. Hakuna kuulizana njia."

"Na mbona kijisemee mchana kutwa? Kwani nyumba itaenda wapi?"

"Haiendi. Ndiyo maana hii kazi ni rahisi."

Hayo maneno yawekeni mahali, tutayarudia.

Siku ya kwanza tulianzia Makina, Kibera. Nilipiga kibao ukutani, nikijua napiga mahali pa kawaida. Ukuta ulikuwa wa mabati, na mabati hayana siri. Msumari ulipita, ukatokea ndani, ukatoboa mfuko wa unga uliokuwa umetundikwa upande wa pili. Mzee mmoja alitoka mweupe kuanzia kipara hadi masharubu, akaniuliza kwa utulivu kama yeye amekufa. Nilimwambia bado. Nyumba iliyofuata ukuta ulikuwa wa udongo. Msumari uliingia vizuri, ukatoka vizuri, na sehemu ya ukuta ikatoka nao.

Tukasimama pale tukashauriana, mimi, Kevo, na yule mzee aliyekuwa bado anajipangusa unga. Fremu za mlango zilikuwa nyembamba kuliko kibao. Ukuta mmeuona. Kitu pekee cha mbao nene kwenye nyumba nzima kilikuwa mlango. Basi tukakubaliana, vibao vyote vipigwe mlangoni. Hata leo nikiwaeleza naona tulikuwa na akili timamu.

Tulipofika ng'ambo ya reli ndipo nikamjua Nduku. Ni mtu wa Kitui, anashona sare za shule kwa cherehani yake hapo hapo nyumbani, na wakati huo tumbo lilikuwa ndiyo linaanza kuonekana. Alinishikia kibao nipige. Akaniambia, bila kulia, kwamba mtoto wake wa kwanza alikuja vibaya, gari likaitwa, gari likaja upande mwingine wa reli, likazunguka likiuliza njia mpaka muda ukaisha. Mtoto hakukaa.

"Mama Adisa, hiki kitaleta gari?" akaniuliza.

"Kitaleta," nikamjibu.

Nikaongeza misumari miwili ambayo haikuhitajika. Nimefanya kazi ya mji huu tangu nikiwa na kiuno, na hiyo ndiyo ahadi pekee niliyotoa kwa niaba ya mji kwa moyo wangu wote. Nduku alikariri ile namba. Kila nikipita alinitajia, kama mtoto anayesomeshwa shairi.

Wacha niwape kidogo habari za Kabiro ndipo nirudi, maana nisipozisema leo nitazisahau. Kule tuliweka bomba la maji lenye jicho. Jicho lile lilikuwa linahesabu watu kwenye foleni, linatangaza kwenye simu kama foleni ni ndefu au fupi, ili mtu asipoteze muda. Sasa nyinyi mnajua Kabiro nani anapanga foleni ya maji. Ni mitungi. Mtu anaweka mtungi wake, anaenda kuendelea na shughuli zake, na ole wako uusogeze. Jicho likaangalia mitungi imejipanga hadi kona ya saluni, likatangaza hakuna mtu. Watu wakatoka mbali mbio mbio na mitungi zaidi. Wiki haijaisha, akina mama wakagundua dawa. Wakaivalisha mitungi vitambaa vya kichwa. Jicho likaanza kuhesabu sawasawa, na lile bomba, ambalo Kevo alilifunza adabu, likawa linaukaribisha kila mtungi. "Karibu, mteja wetu." Nimesikia mtungi wangu mwenyewe ukiitwa mteja, na mimi ofisini siku zote naitwa "wewe."

Sasa turudi Makina.

Mzee Ramadhani ni Mnubi, landilodi, mtu wa Kibera tangu enzi za babu yake. Babu alikuja kama askari, mjukuu akabaki kama landilodi. Ana ploti hapo Makina na nyingine ng'ambo ya reli, ikiwemo ile ya Nduku. Mzee Ramadhani hajawahi kumfukuza mpangaji, anaona ni ukatili. Yeye anachukua mlango tu.

Kama wewe ni mtoto wa mtaa, haya unayajua. Kodi ikichelewa anakuja asubuhi na bisibisi. Anakubali chai. Anauliza habari za watoto, anawaombea dua. Kisha anafungua skrubu moja moja, anazitia mfukoni zisipotee, anaweka mlango kichwani na kukutakia siku njema. Wewe unatundika leso, na maisha yanaendelea na upepo mwingi zaidi. Siku ukilipa, anaurudisha na kuufunga kwa mikono yake mwenyewe. Ile milango anaihifadhi uani kwake, imeegemezwa ukutani chini ya kibanda, haipigwi na mvua.

Mimi mlango wangu umeshang'olewa Kawangware nikiwa na watoto wadogo. Kevo alikulia Kabiro, na mlango wa kwao uling'olewa akiwa darasani, akarudi akakuta mbuzi wa jirani sebuleni. Sisi wawili tulizijua hizo habari kwa ngozi zetu. Na bado tulitembea Kibera nzima tukipigilia nyumba za watu kwenye kitu ambacho landilodi huondoka nacho.

Huko ofisini mambo yakaanza kuwa mazuri kupita kiasi. Bosi wetu aliona kwenye ramani yake kwamba uani kwa Mzee Ramadhani nyumba zinazidi kila mwisho wa mwezi, zote zimekaa mahali pamoja, nyingine juu ya nyingine. Akasema hilo ni ghorofa. Akafurahi sana, akawaonyesha wageni. Lori la takataka, ambalo nalo lilikuwa linaongozwa na ile ramani, likawa linakwenda kwa Mzee kila asubuhi, linapiga honi, linangoja takataka za watu wote wale, na Mzee anatoka na ganda lake la ndizi. Mwishowe tukatumwa, mimi na Kevo, tukakague ghorofa.

Tulimkuta Mzee uani anakunywa kahawa.

"Mzee, tunatafuta ghorofa," Kevo akasema.

"Na mimi pia," Mzee akajibu. "Mkiliona mniambie, nitoze kodi."

Kevo akaangalia tableti. Akaangalia kibanda. Akaangalia tableti tena. Milango ilikuwa imeegemea pale, ya kijani, ya kahawia, mmoja wa waridi, na kila mmoja una kibao cha buluu. Kevo alikaa chini, na viatu vyeupe na kila kitu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mzee akacheka kwa sababu sisi tulicheka. Tulikuwa bado tunacheka tuliposikia king'ora.

Ambulensi ilisimama langoni. Akashuka muuguzi mfupi, Sista Moraa, mkoba mkono huu, simu mkono ule. Akatupita bila salamu, macho kwenye simu, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa kijani ulioegemea ukutani. Akabisha.

"Hodi. Mama, tumefika."

Akabisha tena. Akauvuta. Nyuma yake kulikuwa na mlango mwingine.

Akatugeukia polepole. "Mgonjwa yuko wapi?"

Niliutambua ule mlango kabla sijasoma namba. Ulikuwa na misumari miwili ya ziada. Kicheko kilinikauka mdomoni. Nduku alikuwa amepiga simu, ametaja namba yake bila kukosea, na gari lilikuwa limeletwa kwa uaminifu mpaka pale kibao kilipo.

"Huo ni wa Nduku," Mzee Ramadhani akasema, na uso umembadilika. "Tumbo lilimzuia kushona. Niliuchukua Jumatatu."

Nilimwambia Mzee maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu bosi wenu atasoma. Lakini yeye hakunisikiliza. Alikuwa anauinua ule mlango.

"Mzee, wacha mlango. Mtu anazaa."

"Nimemchukulia mtu mlango, halafu niende kwake mikono mitupu? Nitamwangalia kwa macho gani?"

Kubishana naye kungechelewesha zaidi, kwa hiyo Kevo akashika upande wa pili. Tukaingia ambulensi na mlango. Ikatufikisha kwenye reli, na hapo gari halipiti tena. Sista Moraa na dereva wakashusha machela yenye magurudumu, magurudumu yaliyozoea sakafu ya hospitali. Yalikwama kona ya kwanza, kati ya mtaro na jiko la mama chapati. Dereva akabaki akivutana nayo. Ule mlango ulipita kila kona bila shida. Ulikuwa na uzoefu.

Nduku alikuwa kitandani nyuma ya leso, jirani yake Mama Baraka amemshika mkono. Jasho lilikuwa limemlowesha. Aliinua kichwa, akamwona Mzee Ramadhani amesimama na mlango.

"Mzee," akasema kwa sauti ndogo, "hata leo?"

"Nimeurudisha, mwanangu. Nimeurudisha."

Sista Moraa akapapasa tumbo, halafu akanyamaza. Vijana, mhudumu wa afya akinyamaza, ogopeni. "Amekaa vibaya," akasema. "Hapa hazaliwi. Tunampeleka sasa hivi."

Akatazama nje kutafuta machela. Akatazama mlango. Kevo akaulaza chini, Mama Baraka akatandika godoro juu yake, tukamlaza Nduku, tukambeba. Mzee na Kevo mbele, mimi na Sista Moraa nyuma, Mama Baraka pembeni akimkinga jua kwa ile leso. Kiatu kimoja cheupe cha Kevo kilibaki kwenye mtaro na hakugeuka kukiangalia. Nilikuwa natembea nikisema moyoni, si mara ya pili, Mungu, si mara ya pili kwa mtu huyu, na mimi ndiye niliyemwambia kitaleta.

Katikati ya njia simu yangu ikalia. Mama Baraka akaniwekea sikioni. Alikuwa bosi.

"Mama Adisa, uko Kibera? Kuna nyumba inatembea."

"Najua, bosi. Nimeishika mguu."

"Inaenda wapi?"

"Hospitali."

"Nyumba ni mgonjwa?"

"Inajifungua."

Nduku alicheka. Akiwa kwenye uchungu ule, nilimsikia akicheka, halafu akaanza kunilaumu, na nilimshukuru Mungu kwa lawama zile.

"Mama Adisa, ulisema kitaleta gari. Hukusema nitabebwa na mlango."

"Nyamaza upumue."

"Na komeo linanichoma mgongo."

Kwenye ambulensi hatukuthubutu kumhamisha. Tulimwingiza vile vile. Mlango wa nyumba ukazuia mlango wa gari kufunga, kwa hiyo tulienda nyuma wazi, Mzee Ramadhani ameukumbatia usiteleze, kofia yake imepeperuka zamani. Hospitali wakampokea, wakampeleka chumba cha upasuaji, na sisi tukabaki kwenye benchi na mlango wetu. Kila mtu aliyepita alitukwepa. Mzee alikuwa na zile skrubu mfukoni, akazitoa akawa anazizungusha mkononi huku midomo ikisoma dua. Kevo, mguu mmoja soksi, alikuwa anaandika kitu kwenye tableti, kisha akaizima kabisa.

Ndipo Sista Moraa akatoka, akasema ni msichana, na wote wawili wazima. Mzee Ramadhani alilia wazi wazi, mwanaume mzima wa Makina. Nililia pia na sioni haya.

Kesho yake lori la takataka lilikwenda wodi ya akina mama, likapiga honi.

Mzee aliurudisha mlango wa Nduku, skrubu zile zile, na kodi ya miezi hiyo hajawahi kuitaja tena. Jina la mtoto ni Mwende, lakini mtaa wote unamwita Kamlango. Ofisini tulitengeneza vibao vyembamba, na nikarudia Kibera nzima nikivihamishia kwenye fremu. Vyenu ndivyo hivyo vyembamba. Fremu haichukuliwi na landilodi, shikeni hilo, na mshike msumari karibu na kofia yake msije mkajiponda kidole. Mtu mmoja tu ndiye aliyekataa nihamishe chake.

"Cha kwangu kiache mlangoni," Nduku alisema. "Kimezoea."

Wiki jana, nikiwa mstaafu na muda wangu, nilikwenda kumsalimu, nimembebea Kamlango sweta. Ninafika, naona leso inapepea. Mlango hauko. Damu ilinipanda. Nikageuka nielekee kwa Mzee Ramadhani nimpe yale maneno ya zamani na mengine mapya niliyoyapata tangu wakati ule.

"Mama Adisa, ingia ukae," Nduku akaniita kutoka ndani. Alikuwa kwenye cherehani, mtoto anatambaa chini akila kipande cha kitambaa. "Mzee hakuuchukua kwa kodi. Yeye ndiye ameshika upande wa mbele. Wamembeba Mama Baraka, uchungu umemshika."

Kabla sijakaa, simu ikalia. Ni bosi.

"Mama Adisa, samahani, najua umestaafu. Ile nyumba imeanza tena. Inavuka reli."

Nikamwambia aite ambulensi iingoje pale pale relini. Kisha nikavua viatu, nikampakata Kamlango, tukakaa kungoja mlango urudi.